Madoa meusi baada ya chunusi

SWALI: Ngozi yangu ni nyeusi. Chunusi zikipona huacha madoa ya miezi mingi. Nitumie krimu ya kung'arisha?

JIBU: Hapana, tafadhali. Baadhi huwa na zebaki, inayodhuru figo, au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe), zinazokondesha ngozi na kuzidisha chunusi.

Ngozi ikivimba hutengeneza melanini (rangi ya ngozi) kupita kiasi, kwa hiyo usitumbue chunusi wala kusugua uso kwa dodoki. Asubuhi paka krimu ya kukinga jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili juu ya vidole viwili, kila mmoja urefu wa kidole. Chagua yenye rangi itokanayo na oksidi ya chuma: huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, unaokoleza madoa. Usiku, paka asidi ya azelaiki (dawa ya chunusi na madoa) ya asilimia 10. Ikichoma, paka usiku mmoja, pumzika mmoja. Vumilia miezi 3 au zaidi.