Bendi nzima kwenye kompyuta: hesabu chaneli zinazofika, achana na namba ya kwenye boksi

Mkuu, usinunue hiyo miksa. Kama umeshaacha kianzio, rudi leo leo ukakidai. Wakigoma, bora kipotee hicho kianzio kuliko umalizie deni.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ana bendi ya dansi ya watu kumi na wawili, ana ukumbi wa mazoezi na laptopu ya Windows, na jamaa wa dukani amemuuzia wazo la "miksa ya chaneli 16 yenye USB" kwamba kila chombo kitaingia kwenye kompyuta kivyake. Chini yake kauliza na mengine, ikiwemo maiki ya waimbaji. Mimi nilipofika hapo kwenye "kila chombo kivyake" presha ikapanda, kwa hiyo tuanzie hapo.

Ile 16 iliyoandikwa kwenye boksi inahesabu mistari ya vitelezi (vile vya kupandisha na kushusha sauti) juu ya miksa. Haisemi chochote kuhusu kinachopita kwenye waya wa USB. Kwenye miksa nyingi za analogi zenye USB, hiyo USB imechukuliwa mahali pamoja tu: njia kuu ya kutokea, kushoto na kulia. Unachomeka dramu, besi, magitaa matatu, tumba, kinanda, saksafoni na waimbaji, vyote vinachanganyika humo ndani, halafu kompyuta inapokea chaneli mbili. Mbili. Fungua programu yoyote unayoijua, ongeza traki (mistari ya kurekodia) kumi na sita, nenda kwenye orodha ya njia za kuingilia: utakuta 1 na 2, basi. Traki zilizobaki utazitazama tu zikiwa bapa kama mashine ya hospitali mgonjwa akishakata roho.

Na hata hiyo 16 yenyewe ina mchezo. Chukua Yamaha MG16XU, miksa nzuri kabisa ya shoo, sina ugomvi nayo. Ina chaneli 16, lakini maiki inapokea 10 tu, kwa sababu mistari mingine ni ya stirio na kila mmoja unahesabiwa mara mbili. USB yake ni 2 kwenda, 2 kurudi. Yamaha wenyewe wameandika hivyo wazi kwenye karatasi ya vipimo, hawajamdanganya mtu. Anayedanganya ni yule anayesoma "16" na "USB" kwenye boksi, akaziunganisha kichwani mwake, kisha akakuuzia huo muungano.

Sasa fikiria umerekodi. Bendi imepiga vizuri, saa tatu za jasho, umerudi nyumbani umevaa hedifoni. Snea, ile ngoma kali ya kwenye dramu, inapasua masikio na gitaa la pili halisikiki. Unataka kushusha snea? Haiko peke yake, imo pamoja na kila kitu. Unajaribu kukata masafa ya kilohezi 3 mpaka 5 ili snea itulie, na papo hapo mwimbaji anasikika kama kafungiwa kabatini na solo inapoteza makali, maana vyote vinaishi humo humo. Mwangwi uliomwekea mwimbaji wakati wa kurekodi nao umeshaingia, hautoki. Pilau likishaiva hakuna wa kuitoa bizari.

Najua kuna mzee wa humu atakuja kusema nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilipigwa kwa mkupuo mmoja, na mpaka leo zinatikisa. Kweli kabisa. Lakini pale kulikuwa na studio, na fundi mitambo alikuwa chumba kingine nyuma ya kioo akipanga uwiano kwa kusikiliza kinachoingia kwenye tepu. Wewe utakuwa umekaa mita mbili kutoka kwenye dramu, umevaa hedifoni, na sehemu kubwa ya unachosikia inatoka kwenye ngoma yenyewe ikipenya hedifoni. Humo huwezi kujua kama besi imezidi au imepungua. Ndiyo maana unataka kila chombo kwenye traki yake: uamuzi wa uwiano uufanye kesho, ukumbi ukiwa kimya.

Nirudi kwa huyo muuzaji, maana sijamaliza naye. Muulize swali moja tu: "Hii inapeleka chaneli ngapi kwa pamoja kwenye kompyuta?" Akijibu "zote", mwambie aichomeke. Akianza hadithi ya USB 3, au kwamba kompyuta yako ndiyo itakuwa na tatizo, toka dukani. Hesabu ni hii: traki moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 ni megabiti 1.152 kwa sekunde. Traki 16 hazifiki megabiti 19. USB 2.0, ile ya miaka na miaka, imepimwa megabiti 480. Waya haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kigeuzi (kinachogeuza sauti kuwa dijitali) cha chaneli mbili kilichofungwa ndani, na hicho hakibadiliki kwa kununua waya ghali aliokuning'inizia pale kaunta. Wenzake ni wale wa video za kufungua maboksi: dakika ishirini anasifia rangi ya taa, halafu anajaribu kwa gitaa moja na sauti moja. Chaneli mbili! Itashindwaje kufanya kazi?

Namna ya kukagua. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta mstari wa USB, usome namba mbili: zinazoingia kwenye kompyuta na zinazotoka. Ukiona 2x2 au 2x4, hiyo ni stirio, hata kama miksa ina urefu wa mlango. Ukipata nafasi ya kuijaribu, nenda na laptopu yako. Kwenye Mac fungua Audio MIDI Setup, itakuonyesha idadi ya chaneli bila maneno mengi. Kwenye Windows kuwa makini: weka kwanza draiva (programu ya kukiendesha kifaa) ya mtengenezaji, ile ya ASIO ya kurekodia, kisha ndiyo uangalie ndani ya programu. Draiva ya kawaida ya Windows inaweza kukionyesha kifaa cha chaneli nyingi kama jozi jozi za stirio, ukakikataa bure.

Majina yanafanana makusudi, sijui niseme nini zaidi. Behringer XR18 ina priampu (vikuza sauti vya maiki) 16 na inapeleka chaneli 18 kwenye kompyuta kwa USB. Ndugu yake XR16, sura ile ile kwenye picha, ina priampu 8, na USB yake ni ya kuchomeka flashi na kurekodi stirio. Kompyuta haiitambui kama kifaa cha sauti. Tofauti ya tarakimu moja! Soundcraft Signature 12 ya kawaida: USB mbili kwa mbili. Signature 12 MTK: chaneli 14 kwenda, 12 kurudi. Zimetenganishwa na herufi tatu, na herufi hizo tatu ndizo unazolipia. Kwa hiyo jina la kifaa litamke lote mpaka mwisho, na ukiagiza mtu mzigo, mwandikie kwenye ujumbe. Usimpigie simu.

Na ukihamia kwenye intafesi (kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), mtego ule ule unakusubiri umevaa shati jingine. Focusrite Scarlett 18i20 ya kizazi cha tatu haina maiki 18. Ina priampu 8. Nane nyingine zinaingia kwa waya wa mwanga wa ADAT, waya mmoja unaobeba chaneli nane za dijitali, na mbili za mwisho ni S/PDIF, njia ya dijitali ya stirio. Behringer UMC1820 imepangwa vivyo hivyo. Ukitaka maiki 16 inabidi uongeze kiboksi cha priampu nane chenye ADAT, mfano Behringer ADA8200. Hapo kuna jambo moja linalowaliza watu: saa, yaani mapigo ya ndani ambayo kifaa kinahesabia sauti. Vifaa viwili vya dijitali lazima vifuate saa moja. Iweke ADA8200 itumie saa yake ya ndani, kilohezi 48, kisha kwenye programu ya intafesi chagua ADAT kuwa chanzo cha saa, na kila kitu kibaki 48. Usipofanya hivyo utasikia vijichomo, tik, tik, hapa na pale. Utalaumu maiki, utalaumu umeme, kumbe ni saa. Na usipandishe kwenda kilohezi 96 kwa sifa: waya mmoja wa ADAT unabaki na chaneli nne, na ADA8200 yenyewe haifiki huko.

Wazo la kununua intafesi mbili ndogo za bei nafuu na kuzichomeka zote liache. Kwenye Windows programu inatumia draiva moja ya ASIO kwa wakati mmoja, na hata ukizilazimisha, kila moja inahesabu kwa saa yake. Mwisho wa wimbo besi na kiki (dramu kubwa ya mguu) hazikutani tena. Mac ina njia ya kuziunganisha na kurekebisha hilo, lakini laptopu uliyoitaja si Mac.

Sasa hesabu ya bendi yako, maana kanuni ni hii moja: andika orodha ya vyombo kwanza, duka baadaye. Kiki, snea, na maiki mbili za juu ya dramu, tayari nne. Besi kwa DI boksi (kiboksi cha kuchomekea chombo moja kwa moja bila maiki), tano. Solo, ridhimu na gitaa la pili, kila ampu na maiki yake, nane. Tumba, maiki moja katikati ya mbili ikikubidi, tisa. Kinanda, mono inatosha kama hana madoido ya stirio, kumi. Saksafoni na tarumbeta, kumi na mbili. Sauti ya kuongoza, kumi na tatu, hata kama utakuja kuirudia baadaye, kwa sababu bila yeye wanamuziki hawajui sebene linaanzia wapi. Waitikiaji waache, wataimba siku nyingine juu ya kilichorekodiwa. Kumi na tatu, na bado hujamweka yule mpiga manyanga ambaye kila bendi inaye na hakuna anayemkumbuka. Kifaa chako ni cha chaneli 16 za maiki. Mfuko ukigoma, kifaa cha nane kinawezekana, lakini ujue mpangilio: dramu nne, besi, solo, ridhimu na sauti ya kuongoza kwa pamoja, vingine vyote vinapigwa juu yake baadaye, na mpiga tumba atanuna.

Kwa ambaye ameshainunua hiyo miksa na duka limehamia mtaa mwingine, kuna uokozi mmoja. Angalia nyuma au juu ya kila chaneli kama kuna tundu la jeki limeandikwa INSERT. Kama lipo, chukua waya wa jeki wa mono, sukuma mpaka usikie mlio wa kwanza tu, usiingize wote. Hapo unachota sauti ya chaneli ile mara tu baada ya priampu, kabla ya kitelezi, na miksa inaendelea kufanya kazi yake kwenye spika za ukumbi. Waya nane kama hizo kwenda kwenye intafesi yenye njia nane za laini, umepata traki nane za kweli. Ukiusukuma waya mpaka mwisho utaikata chaneli na mwimbaji atapotea kwenye spika, utajua mara moja maana atakugeukia. Zibandike zile jeki kwa gundi ya karatasi, maana mtu akizigusa kwa mguu zinachomoka.

Viwango: dijitali haihitaji upandishe mpaka taa nyekundu. Mwambie kila mmoja apige kwa nguvu anayopiga kwenye kiitikio, si ile ya kubembeleza wakati wa majaribio, uweke geini (nguvu ya sauti inayoingia) vilele viishie kama desibeli 10 chini ya sifuri. Wimbo ukipamba moto wataongeza tu, hasa mpiga dramu. Kitufe cha 48V, umeme wa kulisha maiki za kondensa, kwenye intafesi nyingi za priampu nane kinawasha chaneli nne kwa pamoja, kwa hiyo kusanya maiki hizo kwenye kundi moja. Maiki za kawaida za dainamiki zikiwemo humo hazidhuriki. Besi ikiunguruma, bonyeza swichi ya kukata athi kwenye DI boksi kabla hujaanza kubadilisha waya.

Nafasi ya diski: traki 16 kwa biti 24 na kilohezi 48 zinakula kama megabaiti 138 kwa dakika, yaani gigabaiti 8 na kidogo kwa saa. Rekodi kwenye diski ya ndani, usirekodi kwenye flashi.

Maiki ya mwimbaji ni Shure SM58, hakuna mjadala. Ila wauzaji wa bandia ni wengi kuliko wa halisi, ifungue kabisa kichwa kabla hujalipa. Halafu tenga bajeti ya stendi. Kila mtu anahesabu maiki, anafika ukumbini na maiki kumi na mbili na stendi tano, ndiyo unakuta SM57, ndugu yake ya vyombo, imefungwa kwa kamba inaning'inia mbele ya ampu, inazunguka kila besi ikipigwa. Kwenye hesabu yangu ya kumi na tatu, besi na kinanda vinapita DI, kwa hiyo maiki ni kumi na moja: stendi kumi na moja, mbili kati yake ziwe fupi kwa kiki na ampu ya chini, na waya za XLR (zile za maiki za pini tatu) kumi na tano, kwa sababu za DI nazo ni XLR na mbili lazima zife siku hiyo hiyo.