Kinakielewa Kidole cha Nani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Kipanya cha kugusa kisicho na waya kina faida na hasara gani kikilinganishwa na cha kawaida?" Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili likaniudhi. Faida kwa nani? Wanaovisifu vipanya hivi huandika kana kwamba vidole vyote duniani vina umri mmoja. Kwa hiyo mniwie radhi, nitajibu swali nililotamani mngeuliza: kipanya cha kompyuta cha namna hii, chenye mgongo unaohisi kidole badala ya gurudumu, kinakielewa kidole cha nani?

Habari ya waya niimalize mapema, maana hapo sina ugomvi. Kuukosa ni raha tupu, na gharama yake ni kukumbuka betri. Apple walipotoa toleo la kuchaji mwaka 2015, tundu la chaji waliliweka tumboni, kwa hiyo kipanya kikichajiwa kinalala chali na hakitumiki. Mwaka 2024 wakabadilisha aina ya tundu kuwa USB-C, lakini mahali wakapaacha palepale! Watu wamelicheka jambo hilo kuliko linavyostahili, kwa sababu dakika chache za chaji zinatosha kukufikisha jioni. Tuliache.

Kiini cha maneno ni huko kugusa. Gurudumu la kusogezea ukurasa lilipata umaarufu mwaka 1996 kupitia IntelliMouse ya Microsoft, na mwaka 2009 Apple wakaleta Magic Mouse, mgongo mmoja laini usio na gurudumu wala kitufe cha kuonekana. Chini ya ngozi hiyo kuna vihisi vinavyotambua kidole kama kioo cha simu kinavyotambua. Uzuri wake upo: hakuna mwanya wa kumeza vumbi, ukurasa unakwenda juu, chini na kando, na umbo lenye pande sawa haliwabagui wanaotumia mkono wa kushoto. Lakini gurudumu hukaa kimya mpaka ulisukume. Mgongo wa kugusa hauna njia ya uhakika ya kujua kama kidole kinatoa amri au kimejikalia tu.

Hapo ndipo anapoingia shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye bado hufundisha wanafunzi wachache na kujaza alama zao kwenye fomu ya mtandaoni. Mwanawe alimzawadia kipanya cha kugusa, cha kampuni ambayo sitaitaja. Haukupita muda akaniita.

"Mwanangu, hizi alama zinabadilika zenyewe."

"Shangazi, labda ulibonyeza namba ya jirani."

"Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Sabini na nne naijua."

Nikavuta kiti, nikakaa nyuma yake nikitazama. Akabofya kisanduku, akaandika 74, akarudisha mkono kwenye kipanya ili aende kuhifadhi. Kidole chake cha shahada hutetemeka kidogo, ni umri tu. Kishale kilikuwa bado juu ya kile kisanduku. Namba ikashuka: 73, 72. Hakubonyeza kitu, hakusikia mlio wowote, na macho yake yalikwisha kukimbilia kwenye kitufe cha kuhifadhi. Mwanafunzi akapoteza alama mbili hivihivi. Nikamwomba arudie. Safari hii ikapanda hadi 76, naye akaguna, "Huyu angalau kabahatika."

Maelezo yake ni mepesi. Katika baadhi ya fomu, kisanduku cha namba kilichochaguliwa huongeza au kupunguza namba ukisogeza ukurasa huku kishale kikiwa juu yake. Hata gurudumu linaweza kufanya hivyo, ila linahitaji msukumo unaousikia kidoleni. Huku mtetemo wa kidole mzee unatosha.

Tukiwa hapohapo akataka kubofya upande wa kulia. Haikukubali, kwa kuwa vidole vyote viwili vilikuwa vimelala juu, na kipanya chake kinahesabu hivyo kuwa bofyo la kushoto. Nikamwambia anyanyue kwanza cha shahada. Akanitazama juu ya miwani. "Yaani hata darasani sijawahi kumtoa mmoja nje ili mwenzake ajibu."

Nilizima ishara za kutelezesha kando, nikapunguza kasi ya kusogeza, nikamzoesha kubonyeza Tab, kile kitufe cha kibodi cha kuhamia kisanduku kinachofuata, kabla mkono haujarudi kwenye kipanya, ili kisanduku chenye kishale kisiwe tena ndicho kilichochaguliwa. Kisha nikamwachia kipanya changu chenye gurudumu, nikijua mjadala umekwisha.

Alinirudishia. Kulizungusha gurudumu kunamlazimu akunje kifundo cha kidole kilekile chenye maumivu, akunjue, akunje tena. Kwenye kile cha kugusa kidole kinateleza kikiwa kimenyooka. Alama anazikagua mara mbili kabla ya kuhifadhi, jambo ambalo, kwa kauli yake, alikuwa akilifanya hata enzi za kalamu nyekundu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuwaambia wasomaji wasikinunue. Sasa naona mfano wangu mkubwa unanipinga, na siwezi kuufuta kwa kuwa ndio ulionifanya niandike. Basi niseme hivi: kwa mwenye maumivu ya vifundo anayetumia kompyuta yake peke yake, ninakipendekeza, mradi mipangilio iruhusu kuzima ishara asizozihitaji, na si kila kipanya kinaruhusu. Kwa kompyuta ya ofisi inayoshikwa na watu wengi, hapana, kwani kila mtu analaza mkono kwa namna yake. Kwa wachoraji wa michoro ya pande tatu, wanaoishi kwa kubofya kitufe cha kati, yaani gurudumu lenyewe likibonyezwa, hapana kabisa. Mimi nabaki na gurudumu langu, ingawa nikiri limeanza kukwaruza.

Na ukienda kukijaribu, usikubali kuonyeshwa picha nzuri zinazoteleza kando. Fungua fomu, andika namba kwenye kisanduku, laza mkono juu ya kipanya kama unavyoulaza ukiwa umechoka, kisha itazame ile namba.