Ni Indiscreet ya 1958

Hiyo filamu uliyouliza jina lake, ya wapenzi watu wazima wanaoongea kwa simu usiku kila mtu kitandani kwake, ni Indiscreet, kaiongoza Stanley Donen. Cary Grant ana hamsini na ushee, Ingrid Bergman kavuka 40, na hakuna anayejifanya kijana. Kwenye hadithi, bibie ni mwigizaji wa jukwaani London; bwana kamdanganya kuwa ana mke, kisa hataki kubanwa aoe. Ile skrini iliyogawanywa katikati wakiongea kwa simu, huku bwana huku bibie, ilikuwa janja ya kuwakwepa wakaguzi wa filamu: vitanda viwili, ila ukitazama utasema wamelala pamoja. Mwanzo inajikokota, vumilia. Bibie akishajua hakuna mke, mtazame usoni Grant anaporukaruka kwenye dansi!