Wiki ya nne na nyonga mpya: mbona mwenzangu ameshaacha magongo?

SWALI

Mtaalamu, salaam. Nina miaka 63. Siku 24 zilizopita nilibadilishiwa nyonga ya kulia iliyokuwa imesagika kwa miaka mingi. Mshono uko nyuma, upande wa kalio. Asubuhi naamka vizuri, lakini ikifika jioni mguu umevimba hadi kwenye kifundo na kiatu hakiingii. Bado natembelea magongo mawili, ilhali mwenzangu wa kitanda cha jirani, tuliyepasuliwa siku moja, anatembea mikono mitupu tangu wiki iliyopita. Juzi nikiinuka kitini nilisikia "tak" ndani ya nyonga, ila haikuuma. Tena naona kama mguu wa kulia umekuwa mrefu kuliko wa kushoto. Je, kuna kilichoharibika, au mimi ndiye mzembe? Na hili sharti la kutopinda nyonga zaidi ya digrii 90, nikiwa nyumbani nalifuataje?

JIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa upasuaji. Sijakuona wala sijaishika nyonga yako, kwa hiyo neno la mwisho analo daktari aliyekupasua. Ila katika yote uliyoandika hakuna la kunishtua kwa mtu wa siku ya 24. Kinachokusumbua zaidi, naona, ni kuhesabu siku za mwenzako.

Nianze na huyo mwenzako. Nyonga hufikiwa kwa njia zaidi ya moja. Wengine hupasuliwa kwa mbele, ambako daktari hupita katikati ya misuli bila kuikata sana. Wengine kwa ubavuni, ambako sehemu ya misuli ya pembeni ya nyonga huachanishwa na mfupa kisha ikashonwa tena. Hawa huchechemea muda mrefu zaidi. Wewe, kwa mshono ulipo, inaelekea ulipasuliwa kwa nyuma. Hapo misuli mikubwa ya pembeni huachwa salama, lakini ile midogo inayogeuza paja pamoja na mfuko wa kiungo (utando unaokizunguka) hukatwa na kushonwa upya. Juu ya hayo kuna umri, uzito, wingi wa damu mwilini, na jambo ambalo watu hulisahau: ni miaka mingapi ulichechemea kabla ya upasuaji. Kiungo hubadilishwa kwa saa moja au mbili. Msuli uliolala miaka mitano hauamki kwa wiki tatu.

Tena sina uhakika kama huyo bwana anatembea vizuri. Kutembea mikono mitupu ni jambo moja, kutembea bila kuchechemea ni jingine. Nilipokuwa kijana kazini nilimhimiza mama mmoja aache fimbo wiki ya tatu kwa sababu alikuwa haumwi na mimi nilitaka sifa. Aliiacha, akawa anayumba kama bata, na mwili ukaizoea ile mwendo. Tulitumia miezi kadhaa kuifuta. Tangu hapo simwambii mgonjwa tarehe ya kuacha gongo. Namwambia aache siku atakapotembea bila gongo na mtu aliye nyuma yake asiweze kusema ni mguu upi uliopasuliwa.

Sababu yake ni hii. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisiangukie upande wa pili. Kwa kuwa inavuta ikiwa karibu sana na kiungo, lazima ivute kwa nguvu kubwa, ndiyo maana katika mwendo wa kawaida nyonga hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kujikwaa kunaweza kuipa zaidi ya mara saba, kwa hiyo vitambaa na nyaya zilizotandaa sakafuni ziondolewe leo. Msuli ukiwa dhaifu, mwili hutafuta ujanja: bega linaegemea upande wa nyonga mbovu ili kupunguza kazi. Huko ndiko kuchechemea. Gongo likishikwa mkono wa pili linaisaidia kazi ile ile, bila ujanja.

Kwa hiyo ukihamia gongo moja, lishike mkono wa KUSHOTO, kwa kuwa nyonga yako ni ya kulia. Gongo na mguu wa kulia viende pamoja. Karibu kila mtu hulishika upande unaouma, na karibu kila siku namhamisha mtu mkono. Utajuaje kuwa uko tayari? Tembea chumbani bila viatu, kimya, usikilize nyayo zako. Mwendo mzuri una mlio sawa: ta, ta, ta, ta. Ukisikia ta-taa, ta-taa, mguu mmoja unakimbia mzigo. Rudi kwenye magongo mawili siku chache, kisha ujaribu tena. Au mwombe mtu akupige video ya simu kutoka nyuma, hatua kumi tu, uyatazame mabega yako. Wengi huhamia gongo moja kati ya wiki ya tatu na ya sita, wengine baadaye, alimradi daktari hakukuzuia kuukanyagia mguu uzito wote.

Sasa uvimbe. Mguu kuvimba jioni na kupungua asubuhi ni jambo la kawaida kabisa, na unaweza kuendelea miezi mitatu au zaidi. Maji na damu iliyovilia kwenye paja vinateremka chini, na misuli inayosukuma damu kurudi juu bado mivivu. Dawa yake si kukaa. Ukikaa kitini saa mbili miguu ikining'inia, umeuongeza mwenyewe. Lala chali mara tatu au nne kwa siku, nusu saa hivi, mguu mzima ukiwa umeinuliwa kwa mito kuanzia kwenye goti hadi kisigino (si mto mmoja chini ya goti peke yake, huo hulikunja na nyonga ikakakamaa). Ukiwa hapo, vuta nyayo juu na kuzishusha mara ishirini. Matembezi nayo yawe mafupi na ya mara nyingi: dakika tano mara tano yanakufaa kuliko dakika ishirini na tano kwa mkupuo.

Uvimbe ninaouogopa una sura nyingine. Haupungui usiku. Shavu la mguu linakuwa gumu, la moto, linauma ukilibonyeza, au paja linajaa ghafla. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na hatari yake inaendelea wiki kadhaa baada ya upasuaji. Ndiyo sababu ya zile dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo mara nyingi hutolewa kwa siku 28 hadi 35. Usizikatishe kwa kuwa unajisikia vizuri. Nunua futi ya fundi cherehani, pima shavu la mguu kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, sentimita 10 chini ya goti, miguu yote miwili, uandike. Tofauti ikizidi sentimita 3, au ikipanda siku hadi siku, nenda ukapimwe kwa ultrasaundi siku hiyo hiyo. Na ukibanwa na pumzi ghafla, ukichomwa kifuani ukivuta hewa au ukikohoa damu, usingoje kupima chochote, kimbizwa hospitali.

Kidonda kina lugha yake pia. Kufikia sasa nyuzi au pini zitakuwa zimetolewa, maana kwa kawaida hukaa siku 10 hadi 14. Kinatakiwa kiwe kikavu. Kikianza kutoa majimaji tena, wekundu ukitambaa, au ukipata homa na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, mwone daktari wako kabla ya mtu yeyote kukuandikia vidonge vya antibayotiki. Hapa nakuwa mkali: vidonge vya kubahatisha huficha maambukizi yaliyofika kwenye chuma, na kuyagundua baadaye huwa kazi.

Ile "tak" usiihangaikie. Mlio usiouma, unaotokea ukiinuka au ukigeuka, mara nyingi ni kano inayoteleza juu ya mfupa au sehemu za kiungo kipya zikigusana wakati misuli bado imelegea. Hupungua misuli inapokaza. Nyonga iliyoteguka haikuachi ukijiuliza: maumivu makali ya ghafla, mguu unakuwa mfupi na, kwa waliopasuliwa kwa nyuma, mara nyingi unageukia ndani, na huwezi kuukanyagia. Wala ganzi kando ya mshono isikutishe. Vineva vya ngozi vilikatwa, na kipande kidogo kinaweza kubaki na ganzi daima.

Mguu kuonekana mrefu ni lalamiko ninalolisikia kila wiki. Nyonga iliyosagika hufupisha mguu polepole, na kiuno hujipinda kufuata. Daktari akiurudisha urefu wake, kiuno bado kimepinda vilevile na misuli imekaza, basi mguu unahisi umepitiliza. Kwa wengi hisia hii hutulia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Usikimbilie kuongeza soli kwenye kiatu cha kushoto mapema hivi. Utakifundisha kiuno kubaki pale pale. Tofauti ya kweli ipo kwa baadhi ya watu, lakini ikiwa chini ya sentimita 1 wengi hawaitambui. Itapimwa vizuri kliniki.

Sharti la digrii 90 limewekwa kwa sababu ya ile misuli na mfuko wa kiungo vilivyoshonwa nyuma. Mpaka vishike, kichwa cha kiungo kinaweza kuchomoka kwa nyuma iwapo paja litapanda sana kuelekea tumboni, litavuka kwenda upande wa pili, au litageuka kwa ndani, na hatari kubwa ni yakiungana mawili. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye matukio mengi. Si madaktari wote wanaotoa masharti haya siku hizi, lakini wako amekupa, na yeye ndiye aliyeona ndani.

Nyumbani, tatizo kubwa ni viti. Kaa kwenye kiti unachokipenda, kisha laza penseli ya mviringo juu ya paja lako la kulia. Ikibingirika kuelekea goti, kiti kinafaa. Ikibingirika kuelekea tumbo, goti liko juu ya nyonga, kiti hicho ni kifupi, ongeza mto mgumu au tafuta kingine. Sofa inayozama ndiyo mbaya kuliko zote, hata penseli haihitajiki. Choo nacho kiinuliwe kwa kiti maalumu cha juu, kuchuchumaa bado. Kuinuka, jisogeze hadi ukingoni, tanguliza mguu wa kulia mbele, sukuma kwa mikono kwenye mihimili ya kiti, usiinamishe kifua kuelekea magotini. Funguo zikianguka, ziache hadi apatikane mtu, au utumie kibanio cha mpini mrefu. Nimeona nyonga ikiteguka kwa sababu ya soksi.

Kuna moja ambalo watu hawalitegemei: kugeuka. Umesimama, mguu wa kulia umekita chini, mtu anakuita upande wa kulia, unazungusha kiwiliwili. Mguu umebaki, kiuno kimezunguka, basi paja limegeuka kwa ndani bila wewe kujua. Geuka kwa hatua ndogo ndogo, kama mtu anayezunguka ngoma. Ngazi ni rahisi zaidi: kupanda, tanguliza mguu wa kushoto; kushuka, tanguliza magongo na mguu wa kulia.

Usiku lala chali na mto katikati ya miguu. Kulalia ubavu wa kushoto, mto mnene ukianzia magotini hadi vifundoni, ungoje ruhusa ya daktari. Gari pia: kwa nyonga ya kulia wengi hungoja angalau wiki sita, na wawe wameshaacha dawa kali za maumivu na wanaweza kukanyaga breki kwa kishindo.

Kuhusu mazoezi, lililo na faida kubwa kwako ni hili: simama ukishika meza, vidole vya mguu vikitazama mbele, peleka mguu wa kulia pembeni polepole, hesabu hadi tatu, rudisha. Kiwiliwili kisiegemee. Mara kumi, kwa awamu tatu. (Aliyepasuliwa kwa ubavuni asilianze bila kuambiwa.) Kuuma kidogo unapofanya si tatizo. Kipimo ni kesho yake asubuhi: ukiamka na maumivu zaidi ya jana, punguza nusu, usiache. Na usichanganye diklofenaki au ibuprofeni na dawa ya kuzuia damu kuganda bila kumwuliza daktari. Tumbo linaweza kutoka damu.

Uchovu hujaugusia, lakini kama wiki hii umeishiwa hamu na unasinzia mchana, si uzembe. Ulipoteza damu, usingizi umekatikakatika, na msisimko wa siku za mwanzo umekwisha. Ukiwa na kizunguzungu au moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, omba wapime hemoglobini, yaani wingi wa damu.

Miadi ya wiki ya sita usiikose, maana mara nyingi ndipo picha ya eksirei hurudiwa na masharti kulegezwa. Nenda na karatasi ya vipimo vya mguu pamoja na ile video ya hatua kumi kutoka nyuma. Mpigaji asimame mbali kidogo, mabega na visigino vyote vionekane.