Harufu Mbaya Katika Jiko la Umeme: Majibu kwa Wasomaji

Bei ya makaa imezifanya familia nyingi za mijini hapa Uganda kuanza kupikia umeme, na nafuu ambayo Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, imeiweka kwa uniti za kupikia, yaani kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi, imewavuta wengine zaidi. Maswali mengi yaliyonifikia kuhusu majiko hayo yanahusu harufu. Sikuyapanga kwa utaratibu wa kufika kwake, kwa kuwa mawili ya kwanza yanagusa usalama wa watu na hayafai kusubiri zamu.

Swali: Jiko langu la pleti mbili limeanza kutoa harufu kama ya samaki, na wakati mwingine kama ya plastiki inayoungua, ingawa ninalisafisha kila siku. Ni uchafu gani huo nisiouona? (Msomaji, Ntinda, Kampala)

Jibu: Ikiwa jiko ni safi na hukupika samaki, usitafute uchafu tena. Plagi, soketi na swichi hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambayo, ikipata joto kupita kiasi, hutoa harufu inayofanana sana na ya samaki au ya mkojo. Joto hilo husababishwa mara nyingi na waya uliolegea mahali unapofungwa kwa skrubu, au na soketi iliyochakaa isiyoikamata tena miguu ya plagi sawasawa. Jiko la wati 2,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta zaidi ya ampia 10 kwa muda wote linapowaka, na mzigo huo ni mkubwa mno kwa ekstensheni nyingi za bei rahisi, ambazo nyaya zake ni nyembamba kuliko zinavyoonekana kwa nje.

Nakuomba uzime swichi kuu ya nyumba kwanza, ndipo uchomoe plagi. Usiivute kwa mkono ikiwa bado ni ya moto na umeme upo. Itazame plagi na soketi: alama ya kahawia, weusi kuzunguka matundu au plastiki iliyopinda ni ushahidi wa kutosha. Vyote viwili vibadilishwe pamoja, kwa sababu plagi mpya ikitiwa katika soketi iliyoungua huharibika vilevile baada ya muda mfupi. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kibali cha ERA, na umwombe aangalie pia nyaya zilizo ndani ya jiko nyuma ya swichi. Fyuzi ya plagi ikikatika, isibadilishwe kamwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kama wafanyavyo baadhi ya watu, kwa kuwa fyuzi hiyo ndiyo inayokata umeme kabla waya haujashika moto. Jiko lenyewe lisiwashwe hata kwa kuchemsha chai mpaka litengenezwe, na baada ya hapo lichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani.

Swali: Jiko letu lina pleti tatu za gesi na moja ya umeme. Siku hizi nikitumia ile ya umeme ninasikia harufu ya mayai yaliyooza. Je, pleti imeharibika? (Mama wa nyumbani, Entebbe)

Jibu: Dada yangu, harufu hiyo haitoki kwenye pleti ya umeme. Gesi ya mtungi yenyewe karibu haina harufu. Viwanda huitia kemikali yenye harufu kali ya kuoza ili mtu atambue kwamba inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, karibu na sakafu na ndani ya makabati, na cheche ndogo ya swichi yaweza kuiwasha.

Ukiisikia tena, usiwashe wala usizime kitu chochote cha umeme, taa ikiwemo, na usiwashe kiberiti wala mshumaa. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, watoe watoto nje, kisha usubiri mpaka harufu iishe kabisa. Baadaye, moto wote ukiwa umezimwa, fungua valvu kwa muda mfupi na upake povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, kwenye regyuleta na kwenye maungio. Mahali patakapotoa mapovu ndipo panapovuja. Mpira wenye nyufa usifungwe kwa gundi wala kwa utepe, nunua mpya. Usipoona mapovu popote na harufu ikazidi kurudi, funga mtungi na umwite fundi wa gesi, kwa maana uvujaji waweza kuwa ndani ya jiko, mahali usipopafikia.

Swali: Nimenunua jiko jipya la koili, na siku ya kwanza lilijaza chumba moshi wenye harufu ya mafuta. Je, nimeuziwa jiko bovu? (Msomaji, Jinja)

Jibu: Yaelekea ni zima. Koili na pleti za chuma hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta au rangi nyembamba ya kuzuia kutu, nayo huungua mara ya kwanza zinapopata moto mkali. Fungua madirisha, washa pleti moja tu kwa moto wa juu kabisa bila chombo juu yake kwa dakika tano hadi kumi, izime, kisha uendelee na nyingine. Usiondoke jikoni wakati huo.

Ninakazia maneno «bila chombo», hasa kwa wenye vikaango vya kisasa visivyogandisha chakula. Utando wa vikaango hivyo huanza kuharibika ukipita nyuzi joto 260, na kikaango kitupu kwenye moto mkali hufika huko upesi. Moshi wake huwadhuru watu na huua ndege wa kufugwa kwa muda mfupi sana, kwa hiyo mwenye kasuku ndani ya nyumba awe mwangalifu zaidi. Harufu ya jiko lako isipokwisha baada ya kulitumia mara kadhaa, lirudishe dukani pamoja na risiti.

Swali: Maziwa yalifurika nikiyachemsha. Nimepangusa jiko mara nyingi, lakini kila nikiliwasha harufu ya kuungua hurudi. Nifanye nini? (Msomaji, Mbarara)

Jibu: Ulichopangusa ni kile kilichoonekana. Maziwa yakifurika, kiasi kidogo hukauka juu ya koili, na kingi hupenya na kutua kwenye kibati kilicho chini yake, mahali kitambaa hakifiki. Huko sukari na protini za maziwa huungua kidogo kidogo kila jiko linapowashwa, mpaka ziishe zenyewe au ziondolewe. Povu la maharage hufanya vivyo hivyo. Mchuzi wa karanga ni mgumu zaidi, kwa sababu mafuta yake yakichomeka hutoa moshi mkali unaowasha macho na koo.

Chomoa plagi na usubiri jiko lipoe kabisa. Ikiwa koili ni ya kuchomoka, iinue kidogo upande wa mbele kisha uivute moja kwa moja, ndipo utakapoweza kutoa kibati. Kibati kiloweke katika maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa. Mabaki yatakayong'ang'ania yapake uji mzito wa maji na ile soda nyeupe inayotiwa katika mandazi, uyaache kwa muda, kisha uyasugue. Kibati cha alumini kisikae na soda hiyo kwa saa nyingi, kwa kuwa hubadilika rangi na kuwa cheusi. Magadi makali ya kuzibulia mabomba yasitumike hapa kabisa, kwani huila alumini na kuunguza ngozi.

Koili isiloweke majini. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, uiache ikauke vizuri, hasa ile miguu inayoingia katika soketi yake, kisha uirudishe na kuiwasha kwa moto mkali kwa dakika chache madirisha yakiwa wazi, ili mabaki madogo yaungue yaishe. Majiko mengi madogo ya mezani yana koili isiyotoka. Kwa hayo tumia mswaki wa zamani uliokamuliwa vizuri, uingize pembeni na chini ya koili bila kumwaga maji. Kazi hii inachosha, nakiri, lakini sijaona njia ya mkato iliyo salama.

Wenye pleti nzito ya chuma waisugue kwa waya wa kusugulia sufuria wenye unyevu kidogo, waiwashe kwa muda mfupi ikauke, kisha waipake mafuta ya kupikia membamba sana ya kuzuia kutu. Mafuta hayo yatatoa moshi kidogo yatakapowashwa, na hilo ni la kawaida. Jiko la kioo lisiguswe kwa waya huo. Hukwanguliwa kwa wembe maalumu ulioinamishwa.

Jambo jingine linanitia wasiwasi kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja: Jik haichanganywi na siki wala ndimu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu, na jiko dogo lenye dirisha moja ni mahali pabaya sana pa kuivuta.

Swali: Jiko langu ni safi, lakini sufuria zikikaa juu yake zinanuka moshi. Kwa nini? (Msomaji, Arua)

Jibu: Tazama chini ya sufuria. Anayepikia makaa asubuhi na umeme jioni huhamisha masizi na mafuta yaliyoganda kutoka sigiri hadi kwenye pleti, nayo huungua upya. Sugua sehemu ya chini ya kila sufuria kabla ya kuiweka kwenye umeme au, ukiweza, tenga sufuria mbili au tatu za jiko la umeme pekee.

Swali: Tunapika mukene, yaani dagaa, chumbani kwa kutumia pleti moja. Tunapulizia manukato ya kopo lakini harufu haiondoki. Tufanyeje? (Wanafunzi, Wandegeya)

Jibu: Wanangu, acheni kwanza kupulizia kopo hilo karibu na pleti. Gesi inayosukuma manukato kutoka kwenye makopo mengi hushika moto, na pleti huendelea kuwa ya moto kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Harufu ya mukene imo katika mvuke wa mafuta uliotua kwenye ukuta, pazia na shuka, kwa hiyo osheni ukuta ulio karibu na jiko kwa maji ya moto na sabuni, fueni pazia, na mfunike sufuria mnapopika. Baada ya hapo, maganda ya ndimu yaliyochemshwa kwa dakika chache yatasaidia.

Hosteli nyingi hukataza majiko ya namna hii, na sababu yake mara nyingi ni umeme unaokatika. Pleti iliyoachwa bila kuzimwa swichi hukaa kimya gizani, kisha umeme hurudi mchana mkiwa darasani, na kitabu au nguo iliyowekwa juu yake huungua. Taa zikizimika, zimeni swichi na kuchomoa plagi papo hapo. Na kama hosteli yenu inakataza, pikeni mahali palipotengwa kwa kazi hiyo.

Swali: Jiko lenye oveni lililokaa stoo muda mrefu linanuka mkojo likiwashwa. (Msomaji, Masaka)

Jibu: Huenda panya wameingia katika sufi ya kuzuia joto iliyo kwenye kuta za oveni. Sufi iliyolowa mkojo haisafishiki. Huondolewa na kuwekwa mpya. Lisiwashwe tena kabla fundi hajafungua mgongo wake, kwa kuwa panya hutafuna pia mipira ya nyaya.