Kobe wangu anaamka baridi kama jiwe, nimjengee nini?

SWALI: Hujambo dada, mimi ni msomaji wako kutoka Njoro. Tuko na kobe mkubwa wa madoa, na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, tulifuatilia tukapata. Mchana hana shida, anazunguka akila nyasi, lakini Julai hii unajua vile huku usiku kunakuwa, asubuhi nikimshika tumbo ni baridi kabisa na hagusi chakula mpaka saa sita. Jirani mmoja ananiambia nimwache alale miezi ya baridi kama kobe wa Uingereza, mwingine anasema niweke jiko kwa kibanda. Mzee wangu yuko tayari kununua mbao. Tujenge aje?

JIBU: Asante mamangu, na vizuri sana mlianza na kibali, maana kobe wetu ni mnyamapori kisheria na wengi hawajui.

Huyo wa kwanza anachanganya kobe. Wale wanaolala miezi mizima asili yao ni nchi za Mediterania, mwili wao umeumbwa hivyo. Wa madoa hana usingizi huo. Joto lake lote analipata kutoka nje, kwa hivyo akipoa chakula kinabaki tumboni hakisagiki, ndio maana unaona hataki kula asubuhi. Na jiko, tafadhali, hata dakika tano usiweke, hewa ya makaa kwa kibanda kilichofungwa haina harufu na inaua, kobe na hata wewe ukiingia kumwangalia.

Sasa kibanda. Futi nne kwa tatu inamtosha, na urefu wa futi mbili hivi, usifanye kirefu kwa sababu joto lote litapanda juu limwache yeye chini. Ukuta uwe plaiwudi mbili, katikati mjaze yale maboksi meupe mepesi ya kufungia TV, na mfunike kabisa kila mahali, kobe akiyaona atayatafuna. Sakafu muinue kutoka chini kwa matofali, manake baridi ikichanganyika na unyevu ndio inaleta homa ya mapafu, afadhali baridi kavu mara kumi. Ndani mmwagie nyasi kavu nyingi ajizike. Mlango uangalie mashariki apate jua la kwanza, na muuning'inizie vipande vya plastiki nzito anavyoweza kusukuma akipita.

Hapo kwa joto ndio watu huharibu. Mtu ananunua balbu moja kubwa ya vifaranga anaitundika katikati, na kobe mkubwa mgongo uko karibu sana na balbu, unaungua juu na tumbo bado baridi. Nunueni hita za kauri, zile hazitoi mwanga, mbili za wati kidogo, mziweke mbalimbali juu, kila moja na kikapu chake cha waya. Soketi ziwe za kauri pia, za plastiki zitayeyuka. Halafu themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima hita chenyewe, kama ile ya inkyubeta, muiweke nyuzi 20 mpaka 22 usiku, na kile kichwa chake cha kupima joto kikae usawa wa mgongo wa kobe, sio juu karibu na hita, la sivyo itazima mapema na mnyama alale kwa baridi huku nyinyi mkidhani yuko sawa. Waya ipite ndani ya paipu, na hapo msijaribu wenyewe, mwiteni fundi wa stima aweke na swichi inayojizima ikitokea hitilafu.

Stima ikipotea usiku, jazeni jerikeni ya lita tano maji ya moto, mfunge vizuri, mviringishe na gunia mbili, muiweke kando ya kobe. Inasaidia masaa kadhaa.

Mkimaliza mjaribu kibanda usiku mbili bila kobe, na pima joto alfajiri saa kumi na moja, saa ile baridi ya Njoro imeshika kweli. Na ukiona mapovu puani ama anapumua mdomo wazi, usingoje kibanda kikamilike, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.