Chemchemi, Kisima Kirefu au Mto?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji katika mji mdogo wenye watu wapatao 6,000. Tuna vyanzo vitatu: chemchemi iliyoko mlimani, kilomita 9 kutoka mjini, inayojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 8, kisima kirefu kilichochimbwa kando ya mji, ambacho mchimbaji anasema kinatoa lita 15,000 kwa saa, na mto unaopita jirani. Wenzangu wengi wanataka kisima kwa sababu gharama yake ya kuanzia ni ndogo. Tuchague kipi?

JIBU: Ndugu mjumbe, tunashukuru kwamba umetuletea vipimo, maana vinatuwezesha kupiga hesabu. Tukikadiria lita 50 kwa mtu kwa siku, mji unahitaji lita 300,000. Mabomba nayo huvuja. Ikiwa sehemu moja kati ya tano ya maji itapotea njiani, itabidi mzalishe lita 375,000. Kisima chenu, hata kikipampwa usiku na mchana bila kupumzika, kinatoa lita 360,000 tu, na hakuna pampu inayostahili kuteswa hivyo. Chemchemi inatoa lita 216,000. Hakuna chanzo kati ya hivyo viwili kinachotosha peke yake, na idadi ya watu ikiongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka, itakuwa maradufu baada ya miaka 24 hivi.

Ushauri wetu ni kuvitumia vyote viwili, chemchemi ikitangulia. Maji ya mserereko hushuka yenyewe, kwa hiyo gharama kubwa ya bomba la kilomita 9 hulipwa mara moja, ilhali kuinua lita 1,000 kwa kimo cha mita 100 kwa pampu ya kawaida hula takriban nusu uniti ya umeme, leo, kesho na kila siku ambayo mji utakuwapo. Chemchemi ikitoa lita 216,000, kisima kitapampwa kwa saa 11 hivi kufidia lita 159,000 zilizobaki, na siku bomba la mlimani litakapopasuka, mji hautakauka kabisa.

Hata hivyo, hukutuambia mlipima chemchemi mwezi gani. Ikiwa ilikuwa baada ya masika, kipimo hicho hakifai kujengea mradi. Rudini mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yamepungua kabisa, mkapime tena kwa ndoo ileile. Kauli ya mchimbaji nayo isipokewe hivi hivi: kisima kipampwe kwa mfululizo kwa saa 24 au zaidi, huku kina cha maji kikipimwa na kuandikwa, ndipo itajulikana kama kinahimili. Maji yake yapelekwe maabara kupimwa chumvi, aseniki na floraidi, ambayo kikomo chake kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi kidogo, kuchanganya maji hayo na ya chemchemi kwenye tangi kunaweza kuishusha.

Mto tungeuacha uwe wa mwisho. Unahitaji matangi ya kutuliza tope, machujio na klorini, pamoja na fundi anayeshinda hapo kila siku, hasa mvua zinapochafua maji. Lakini msidhani chemchemi haihitaji klorini. Inahitaji, ila kwa uangalizi mwepesi zaidi.

Kwa hiyo tunawasihi kamati isipige kura kabla vipimo vya kiangazi havijawekwa mezani.